Somo la Meno: Vyuma Vinavyofichwa Upande wa Ulimi, na Namna Waganga Wanavyofundishana Kazi Hiyo

Jambo tutakalojifunza katika somo hili ni dogo kwa macho, maana linakaa ndani ya kinywa pahali ambapo watu hawaoni. Ni kazi ya kunyosha meno kwa vyuma vilivyobandikwa upande wa ndani, upande wa ulimi. Ilianza mbali na sisi, Japani na Marekani, na hata leo wanaoifanya vizuri si wengi. Lakini habari yake ina faida kwa kila mgonjwa, na kwa kila mtu anayefundisha kazi ya mikono. Kazi hii karibu ilikufa kwa sababu ilifundishwa upesi kupita kipimo. Nayo ilipona kwa sababu waganga wachache walikubali kufundishana polepole, na kuonyeshana kazi zao mbele ya macho ya wenzao.

Jino linasogea namna gani?

Watu wengi wanawaza ya kuwa jino limesimama ndani ya mfupa kama msumari ndani ya ubao. Si hivyo. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna nyuzi laini nyingi sana, na jino limeshikwa na nyuzi hizo. Ukilisukuma kwa nguvu ndogo, mchana na usiku, mfupa wa upande unaosongwa unaliwa kidogo kidogo, na upande wa nyuma mfupa mpya unajengwa. Mwili wenyewe ndio unaofanya kazi. Waya unaonyesha njia tu. Jino hutembea karibu milimeta 1 kwa mwezi. Basi mtu ambaye meno yake yamesongana sana hukaa na vyuma mwaka mmoja na nusu, au miwili, au zaidi. Anayetaka kumaliza upesi akavuta kwa nguvu nyingi anaharibu: damu haipiti vizuri katika zile nyuzi, jino linakwama, na ncha ya mzizi yaweza kufupika.

Zamani kila jino lilivikwa pete ya chuma. Mwaka 1955 Michael Buonocore, aliyefanya kazi Rochester huko Marekani, alionyesha ya kuwa asidi ya fosforo ikipakwa juu ya ganda gumu la jino inatoboa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na gundi inaingia humo na kushika. Kwa njia hiyo waganga wakaanza kubandika vishikio vidogo juu ya jino pasipo pete. Katika kila kishikio kuna mfereji mwembamba, na waya unapita katika mifereji hiyo yote kuzunguka kinywa. Kama gundi hiyo isingalipatikana, ingalikuwa vigumu sana kuweka kitu cho chote nyuma ya meno ya mbele.

Watu wawili, sababu mbili

Huko Japani, katika chuo cha meno cha Kanagawa mjini Yokosuka, kulikuwa na mwalimu jina lake Kinya Fujita. Aliona shida ya wagonjwa wanaocheza michezo ya kupigana kwa mikono na miguu. Mtu mwenye vyuma mbele ya meno akipigwa ngumi ya mdomo, midomo na mashavu yanachanika juu ya vyuma. Fujita akauliza, kwa nini vyuma visikae ndani? Mwaka 1979 aliandika habari ya kazi yake katika gazeti la Marekani la waganga wanaonyosha meno. Waya wake ulikuwa na umbo la uyoga. Ukitazama meno yako ya juu kwa ndani utafahamu sababu: meno ya mbele ni membamba, lakini baada ya chonge magego ni manene, na hapo waya hauna budi kupinda kuingia ndani, kama pale kofia ya uyoga inapokutana na shina.

Wakati ule ule, katika mji wa Beverly Hills huko Marekani, alikuwako munganga mwingine, Craven Kurz, aliyefundisha pia katika chuo kikuu cha California mjini Los Angeles. Wagonjwa wake wengi walikuwa watu wazima, na wengine kazi yao ni kuonekana mbele ya watu. Walitaka meno yaliyonyoka, lakini hawakutaka chuma kionekane wanapocheka. Kurz akabandika vishikio kwa ndani. Mara akapatwa na taabu: mtu akiuma chakula, meno ya chini yanagonga vishikio vya meno ya juu na kuving'oa. Akatengeneza kishikio chenye kibao kidogo cha kuteremka, ili meno ya chini yapate pa kutua bila kukikata. Mwaka 1976 aliomba hati ya kulinda ufundi huo. Kampuni ya Ormco ikashirikiana naye, na kikundi kidogo cha waganga kikakusanywa kuvijaribu vyombo hivyo. Toka mwaka 1976 mpaka mwaka 1990 vishikio vya Kurz vilibadilishwa mara kwa mara, hata wakafika aina ya saba. Mtu akichukua miaka 14 kurekebisha kitu kidogo kama mbegu ya mchele, tusiwaze ya kuwa alikuwa mvivu. Kitu chenyewe ni kigumu.

Sababu kazi hii ni ngumu

Hapa nataka tukae kidogo, maana asiyefahamu ugumu huu hatafahamu kwa nini mafundisho yalihitajika sana.

Munganga aliyezoea kuweka vyuma kwa nje huona jino kwa macho yake mwenyewe. Kwa ndani hulitazama katika kioo kidogo, na mkono wake hufanya kazi kinyume cha macho. Shingo na mgongo vinamwuma, na mgonjwa amechoka kupanua kinywa. Tena, upande wa nje wa meno ya watu unafanana kidogo. Upande wa ndani hautabiriki. Mtu mmoja ana jino laini kama kijiko, mwingine ana vijilima na mabonde.

Jambo la tatu lawapita wengi. Upande wa nyuma wa jino la mbele umeteremka kama kilima. Ukibandika kishikio juu kidogo au chini kidogo kuliko ilivyopasa, mfereji wake unaelekea pengine kabisa, na waya utalilaza jino hata likae vibaya. Kwa nje kosa kama hilo mara nyingi ni dogo. Kwa ndani linaonekana na kila mtu anayemtazama mgonjwa usoni.

Jambo la nne ni nguvu. Waya ulio ndani ya meno unalivuta jino kutoka pahali pengine kuliko waya ulio nje. Munganga anayefunga nafasi iliyoachwa na jino lililong'olewa, akivuta kama alivyozoea kwa nje, meno ya mbele yatainama kuelekea ulimi, na mstari wa meno utapinda kama upinde wa mwindaji. Kumnyosha mgonjwa huyo tena ni kazi ya miezi mingi. Kwa hiyo ujuzi wa zamani hautoshi. Mara nyingine unamdanganya mtu, maana anajiona fundi kabla hajawa fundi wa jambo hili.

Habari ilikimbia kuliko mafundisho

Kazi ya kunyosha meno ilikuwa na shule tangu mwaka 1900, wakati Edward Angle alipoanzisha yake mjini St. Louis, Marekani. Tangu mwaka 1929 nchi ile ina baraza la kuwapima waganga wa kazi hiyo. Mtu husoma kwanza uganga wa meno, kisha huongeza miaka miwili au mitatu ya kunyosha meno. Lakini vyuma vya ndani vilipotokea havikuwamo katika masomo hayo. Vilifundishwa katika mafunzo mafupi ya siku chache.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari ya vyuma visivyoonekana ilitangazwa sana huko Marekani. Watu wazima wakaja kwa wingi kuuliza. Waganga wakaenda kwenye mafunzo mafupi, wakarudi na cheti na sanduku la vishikio, wakaanza na wagonjwa wengi pamoja. Baada ya mwaka mmoja shida zikaonekana: vishikio vinang'oka, ulimi una vidonda, saa za kazi zimekuwa mara mbili, na meno hayamaliziki vizuri. Wengi wakaacha. Wengine waling'oa vyuma vya ndani wakaviweka nje ili wamalize kazi. Mwisho wa miaka ile waganga wengi wa Marekani walisema ya kuwa njia hii haifai.

Mimi naona hukumu hiyo haikuwa ya haki. Njia ilikuwa bado changa, na waalimu wake walikuwa wachache. Mtu akitazama siku mbili namna ya kuchonga mtumbwi, kisha mtumbwi wake ukazama, je, atasema mitumbwi haifai? Lakini waliobeba hasara walikuwa wagonjwa. Walilipa fedha nyingi, walivumilia vidonda, na wengine walibaki na meno yaliyoinama. Kwa ajili ya hao hatuwezi kuipita habari hii kwa kucheka.

Wale waliobaki

Wachache hawakuacha. Huko Paris, Didier Fillion aliendelea kufanya na kufundisha. Giuseppe Scuzzo wa Roma na Kyoto Takemoto wa Tokyo walifanya kazi pamoja, ingawa nchi zao ziko mbali, wakaandika vitabu. Rafi Romano wa Tel Aviv alikusanya maandiko ya waganga mbalimbali katika kitabu kimoja mwaka 1998. Mwaka 1992 chama cha Ulaya cha kazi hii kilianzishwa, na katika miaka ya 2000 kikafuata chama cha dunia nzima. Wajapani, Waitalia, Wafaransa, Wakorea na Waamerika wakaanza kukutana na kulinganisha kazi zao.

Jambo moja kubwa walilofundishana ni kutobandika kwa kukisia. Munganga anachukua umbo la meno ya mgonjwa kwa plasta. Fundi anayakata meno yale ya plasta moja moja, anayapanga katika nta kama yatakavyokuwa siku ya mwisho, baada ya kunyoshwa. Juu ya mpango huo anaweka vishikio pahali pake kamili. Kisha anatengeneza kifuniko laini kinachochukua vishikio vyote kama vilivyo, na munganga anakibandika katika kinywa cha mgonjwa mara moja. Kosa la mkono na kioo linapungua sana. Dirk Wiechmann wa Bad Essen, Ujerumani, aliendelea mbele zaidi: kwa kompyuta kila kishikio kinachorwa kwa ajili ya jino moja la mtu mmoja, kinamiminwa kwa madini yenye dhahabu, kikiwa chembamba kinachokumbatia jino, na mashine inapinda waya. Hivyo ulimi hauumii kama zamani.

Lakini mashine haikuondoa haja ya mwalimu. Kompyuta itapinda waya kama ilivyoambiwa. Haijui ya kuwa fizi za mama huyu zinatoka damu, wala kwamba kijana yule hasafishi meno.

Mkutano wao unafanywa namna gani?

Wengine watauliza, waganga wakikutana kwa siku tatu katika mji mkubwa, wanafanya nini? Je, si kula na kusalimiana tu? Wanakula kweli, na kusalimiana si kazi bure. Lakini mkutano mzuri una kazi.

Kwa kawaida siku ya kwanza ni ya mafunzo ya mikono. Kila mwanafunzi anapewa taya la chuma lenye meno ya bandia yaliyochomekwa katika nta. Anabandika vishikio, anapinda waya, anaufunga. Kisha taya linatiwa katika maji ya moto. Nta inalainika, na meno yanasogea mbele ya macho yake kama yanavyosogea katika mfupa. Kazi ya miezi mingi inaonekana kwa dakika chache. Aliyepinda waya vibaya anaona meno yake yanalala, na hakuna mgonjwa aliyeumia. Kama ningeambiwa kuchagua sehemu moja tu ya mkutano, ningechagua hii, nikaacha hotuba zote.

Siku zinazofuata ni za hotuba. Mwalimu anasimama, anaonyesha picha za mgonjwa kabla na baada, anaeleza alichofanya. Hapa msikilizaji awe na akili. Picha nzuri zinachaguliwa. Mtu haleti picha za mgonjwa aliyemshinda, isipokuwa ana moyo mkubwa. Kwa hiyo swali lenye faida si "Ulifanyaje hivi?" peke yake, lakini "Ulianza na wagonjwa wangapi, ukamaliza wangapi? Vishikio vingapi viling'oka? Baada ya miaka mitano meno yamekaa namna gani?" Tena, nje ya chumba cha hotuba kuna meza za makampuni yanayouza vishikio na waya. Makampuni husaidia kulipia mikutano, na wanenaji wengine hulipwa nayo. Si dhambi, lakini msikilizaji ana haki kujua, na mnenaji mwaminifu hutaja jambo hilo mwanzoni.

Jambo jingine zuri katika vyama kadhaa vya kunyosha meno ni hili: mtu akitaka kupokelewa kama fundi aliyepimwa, analeta wagonjwa aliowamaliza kwa karatasi, picha za rontgen na plasta za meno, na waganga wazoefu wanazikagua moja moja. Hapo maneno matamu hayasaidii. Plasta ya meno haijui kusifu mtu.

Naye anayefundisha mkutanoni ana kazi yake. Mwalimu anayesema "Ni rahisi, hata wewe utaweza Jumatatu" anapigiwa makofi mengi, lakini anawaumiza wagonjwa asiowajua. Mwalimu bora huonyesha kishikio kilichong'oka, anasema kwa nini kiling'oka, na anamshauri mwanafunzi aanze na mgonjwa mmoja mwenye shida ndogo, labda meno machache ya mbele yaliyosongana kidogo, amfuate mpaka mwisho kabla hajachukua wa pili. Tena ampeleke msaidizi wake mafunzoni pamoja naye. Wasaidizi ndio wanaoshika kioo, kukausha mate, na kumfundisha mgonjwa kupiga mswaki. Munganga aliyejifunza peke yake anarudi nyumbani na nusu ya ujuzi.

Mgonjwa ajue nini?

Juma la kwanza ulimi unauma, maana unagusa chuma kila wakati mtu anaponena au kumeza. Watu hufunika kishikio kwa nta laini, na hula vyakula laini. Maneno yenye sauti ya "s" na "z" yanakuwa mazito kwa majuma machache. Kusoma kwa sauti kila siku kunasaidia ulimi kuzoea. Mhubiri, mwalimu au mwimbaji afikiri jambo hilo kabla ya kuanza.

Kuhusu kuoza kwa meno, utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2010 ulilinganisha vyuma vya nje na vya ndani, ukakuta madoa meupe, ambayo ni mwanzo wa kuoza, ni machache zaidi upande wa ndani, karibu sehemu moja kwa tano. Hata hivyo chakula hunasa huko nyuma, na mtu hakioni. Mswaki mdogo na uzi wa kupitisha kati ya meno ni lazima kila siku, tena mbele ya kioo kwa kinywa kilichopanuliwa. Meno yakiisha kunyoshwa, waya mwembamba wa kuyashika au kifuniko cha kuvaa usiku kinahitajika kwa muda mrefu, maana zile nyuzi zinakumbuka pahali pa zamani.

Siku hizi kuna njia nyingine ya kuficha: vifuniko vyembamba vya plastiki visivyo na rangi, vinavyovaliwa na kuondolewa. Vilianza kutumiwa Marekani karibu na mwaka 1999, na watu wengi wanavichagua. Havifai kwa kila shida ya meno, navyo vinamtegemea mgonjwa kuvivaa. Gharama ya vyuma vya ndani kwa kawaida ni kubwa kuliko ya vyuma vya nje, kwa sababu ya saa nyingi na kazi ya fundi. Mtoto anayeweza kuvaa vyuma vya nje bila haya hana haja ya kulipa zaidi ili vifichwe.

Ikiwa ndugu yako anakaa Ulaya au Marekani na anataka kufanyiwa kazi hii, au wewe mwenyewe umeshauriwa, usione haya kumwuliza munganga: Ulijifunza wapi kazi ya vyuma vya ndani, na kwa muda gani? Umemaliza wagonjwa wangapi kwa njia hii? Naweza kuona picha na plasta za waliofanana nami? Kishikio kikining'oka, nani atanitengeneza, na kwa malipo gani? Munganga anayejua kazi yake hakasiriki kwa maulizo hayo. Atavuta kiti, atafungua kabati, atakuonyesha.

Maulizo

1. Kwa nini jino likivutwa kwa nguvu nyingi halisogei vizuri?
2. Fujita alikuwa na sababu gani ya kuweka vyuma ndani? Na Kurz je?
3. Eleza kwa nini waya wa vyuma vya ndani una umbo la uyoga.
4. Munganga mzoefu wa vyuma vya nje anaweza kukosa nini anapoanza vyuma vya ndani?
5. Mnenaji mkutanoni anaonyesha picha nzuri za wagonjwa watatu. Wewe umekaa katikati ya wasikilizaji. Utamwuliza nini?